Kwa nini mgunga umebadilishwa jina la kisayansi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa misitu. Vitabu vyetu vinauita mgunga Acacia tortilis, lakini kibao cha bustani ya mimea kimeandikwa Vachellia tortilis (Forssk.) Galasso & Banfi. Je, ni miti miwili tofauti? Na majina hayo ya watu ni ya nini?

JIBU: Ndugu msomaji, mti ni uleule, kilichobadilika ni jenasi yake, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ambalo ndilo neno la kwanza la jina la kisayansi. Jenasi Acacia ya zamani ilikusanya spishi zaidi ya 1,300, na uchunguzi wa vinasaba ulipothibitisha kwamba hazitokani zote na ukoo mmoja, ikabidi igawanywe.

Kikanuni, jenasi ikigawanywa, jina hubaki kwa kundi lenye spishi ya mfano, yaani ile ambayo jina la jenasi limefungamanishwa nayo, ambayo hapa ilikuwa Acacia nilotica ya Afrika na Asia. Hata hivyo, kwa kuwa spishi zipatazo 1,000 ni za Australia, liliwasilishwa pendekezo la kubadili spishi ya mfano iwe ya Australia, ili majina machache zaidi yaguswe. Mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Vienna mwaka 2005 ulilikubali, na ule wa Melbourne wa 2011 haukuutengua uamuzi huo. Hoja ya idadi naiona ina uzito, ingawa kikanuni haki ilikuwa upande wetu.

Miti yetu ya asili ikahamia hasa Vachellia na Senegalia, ilhali miwati ya Njombe, Acacia mearnsii, imebaki na jina lake kwa sababu asili yake ni Australia. Ukiwa porini, chunguza miiba. Ya Vachellia ni stipuli (vijani vidogo vya kwenye kitako cha jani) zilizogeuka miiba, kwa hiyo hukaa miwili miwili, mmoja kila upande wa kitako cha jani. Kwenye mgunga wako utaona mirefu iliyonyooka ikichanganyika na mifupi iliyopinda. Ya Senegalia, kama kikwata (Senegalia mellifera), huota kwenye ganda la tawi na kwa kawaida imepinda kama ndoana, nayo si stipuli.

Majina ya watu ni ya waliochapisha jina. Forsskål (kifupi chake Forssk.), mtaalamu wa mimea aliyekusanya mimea Misri na Yemen na kufariki huko Yemen mwaka 1763, aliuita Mimosa tortilis katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1775. Mabano huonyesha kwamba neno tortilis ni lake, lakini aliliweka katika jenasi nyingine; Galasso na Banfi ndio walioihamishia spishi hiyo Vachellia mwaka 2008. Katika ripoti yako andika Vachellia tortilis, na mara ya kwanza utaje Acacia tortilis kuwa jina lake la awali, kwa kuwa lebo nyingi za hebaria (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) bado zina jina hilo.