Mdogo wangu wa Newala, hiyo polima ni yako pia

Wiki iliyopita kijana wa Newala anayesoma kemia aliniandikia. Anataka mradi wake uwe wa plastiki inayojikunja ikimulikwa, lakini kaambiwa hayo ni mambo ya Wajapani. Mdogo wangu, nami niliambiwa hivyohivyo hapa Mtwara mbele za watu, na mtu niliyemheshimu. Hadi leo yananiuma. Ila mwezi huu andiko langu la utafiti limepita, na limepita kwa swali moja tu: kwa nini utando wa plastiki hiyo ujikunje badala ya kusinyaa?

Nililijibu nikiwa nimesimama, bila karatasi. Ndani ya polima hiyo, yaani plastiki yenyewe, mna azobenzini, molekuli iliyonyooka. Ikipigwa na urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, inapinda, ncha zake zinasogeleana kutoka kama nanomita 0.9 hadi 0.55. Mwanga unaoonekana, au joto, huirudisha. Zipange zielekee upande mmoja, zifunge kwenye wavu wa polima, na vipindo hivyo vidogo vinajumlishana. Lakini urujuanimno hunyonywa karibu wote usoni mwa utando, hivyo upande uliomulikwa unafupika, wa chini unabaki ulivyo, na utando unainamia taa. Mwaka 2003 watafiti Yanlei Yu, Makoto Nakano na Tomiki Ikeda walionyesha zaidi ya hapo: waligeuza tu uelekeo wa mtetemo wa mwanga, na utando uleule ukajikunja upande walioutaka. Jopo zima lilinyamaza. Nilijivunia sana, sifichi.

Kwa hiyo soma sababu kwanza, mashine baadaye.

Halafu tazama nyumbani. Mafuta ya ganda la korosho, yaleyale yanayobabua mikono ya mama zetu wanaobangua, yakipashwa moto na kukenekwa hutoa kardanoli. Hiyo ni fenoli, na fenoli hupokea kwa urahisi kundi la azo, zile naitrojeni mbili zilizoungana zilizo katikati ya azobenzini. India wamekwisha kutengeneza polima za azo kutokana nayo. Sisi maganda tunayachoma! Soma fenoli. Ukimaliza, rudia fenoli. Usimwombe mtu yeyote ruhusa ya kulipenda somo lako, na usikubali kuambiwa kwamba mtoto wa mkulima wa korosho hana haki na kemia ya korosho.

Kwenye bajeti andika taa ya LED ya urujuanimno, ya nanomita 365, na miwani ya kuzuia urujuanimno. Wakitaka upunguze gharama, miwani isiguswe.