Safari ya Malaba Huanzia Yadi ya Embakasi

Kijana uliyepata leseni ya daraja CE juzi, na sasa unazunguka Eneo la Viwanda ukitafuta trela ya kuendesha, nisikilize kidogo. Nimevuka mipaka miaka 19, kutoka Nairobi kwenda Kampala, Kigali, Arusha, na mara kadhaa Juba. Vijana wanaoanza huniuliza habari za mpaka tu: foleni ya Malaba, pale mpakani na Uganda, ikoje, maafisa wakoje. Lakini safari zangu nyingi zilizoharibika ziliharibikia yadi, pale mzigo unapopakiwa, kabla sijawasha injini.

Mwaka wangu wa pili nilipakiwa kontena Embakasi, giza limeingia, kila mtu ananiharakisha. Nikapewa bahasha ya hati, nikaitia kwenye dashibodi bila kuifungua. Kufika Malaba, afisa wa forodha akasoma namba ya sili, kile kifungo cha mlango wa kontena, akasoma iliyo kwenye karatasi, kisha akanitazama. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Aliyekosea ni aliyechapa, lakini aliyekutwa na mzigo ni mimi. Nililala pale usiku 4 nikingoja hati irekebishwe. Pesa za safari ziliisha siku ya pili, nikala kwa deni kwa mama mmoja wa kibanda cha chai, na nyumbani mtoto alikuwa anaumwa. Sijasahau zile siku.

Kwa hiyo leo sitoki yadi kabla ya kusimama nyuma ya trela na karatasi mkononi. Utingo anasoma namba iliyo mlangoni kwa sauti, mimi nafuata kwenye hati: kontena, sili, namba ya kichwa cha lori, namba ya trela. Ajenti wa mzigo akinuna, mwache anune. Yeye analala kwake usiku huo.

Mzigo wa transiti, yaani unaopita tu kwenda nchi nyingine, nao hufungwa sili ya elektroniki, inayofuatiliwa na mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda tangu 2017. Ukiiacha njia iliyopangwa, au sili ikiguswa, wanaona. Usikubali kupinda njia kumpelekea rafiki magunia mawili ya viazi. Na tairi ikipasuka mahali usipotarajiwa kusimama, mpigie simu mwenye gari mara moja, ili kuwe na mtu wa kukushuhudia utakapoulizwa.

Uzito ni jambo jingine la yadi. Trela ya ekseli 6, zile fito zinazobeba magurudumu, inaruhusiwa tani 50 pamoja na gari lenyewe: 8 kwa ekseli ya mbele, 18 kwa mbili za kuvuta, 24 kwa tatu za nyuma. Wengi hujumlisha tu, wakaona 48, wakaondoka kwa furaha. Mizani ya Gilgil au Webuye inapima kila kundi la ekseli peke yake. Kama waliopakia walirundika vyuma vyote mbele, unaweza kuwa na tani 48 na bado ukashikwa. Kontena lililofungwa sili hulifungui barabarani ukapanga upya, kwa hiyo tafuta mizani ya kulipia hapa Nairobi ujue mapema. Hesabu na dizeli, maana tangi mbili zikijaa zina uzito wake.

Kuna kadi mbili za njano, na vijana huzichanganya. Moja ni bima ya COMESA, inayolipa madhara utakayowasababishia wengine ng'ambo. Gari lako na mzigo wako haivihusu. Nyingine ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, basi usiende kuchanjwa asubuhi ya safari. Uganda na Rwanda utaingia kwa kitambulisho chako cha taifa. Kwa Tanzania, beba pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria.

Mpaka wenyewe siku hizi una kituo kimoja cha pamoja. Ukitoka Kenya kupitia Busia kwenda Uganda, au Namanga kwenda Tanzania, husimami upande wetu; unavuka, na maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia upande wa pili. Ukiingia Rwanda au Sudan Kusini, shika kulia. Saa ya kwanza si ngumu, kwa sababu uko macho. Hatari ni asubuhi ya siku ya pili, unapotoka kwenye maegesho barabara ikiwa tupu, na mikono inakupeleka kushoto kwa mazoea. Mimi hubandika kipande cha karatasi kwenye usukani.

Sasa miteremko, na hapa nakusihi kama mwanangu. Ukitoka Nairobi utateremka kwenda Mai Mahiu. Ukirudi utateremka kutoka Sachangwan hadi Salgaa. Utawakuta madereva wanaotoa gia na kuacha gari liteleze fri, ili wabakize dizeli ya kuuza kwenye mitungi. Gari likiwa fri, injini haikusaidii chochote kulizuia. Uzito wote unabebwa na breki. Breki zinapata moto, zinaanza kunuka, kisha unakanyaga na hakuna kitu. Ingia mteremko na gia ambayo ungeupandia, kabla hujaanza kushuka, kwa sababu ukishachanganya kasi gia hiyo haitaingia. Ukisikia harufu ya breki, tafuta mahali usimame zipoe hata kama ni nusu saa. Tarehe 30 Juni 2023, pale njiapanda ya Londiani, trela iliyopoteza mwelekeo iliua watu zaidi ya 50, wengi wao wakiwa wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Mimi hununua mboga mahali kama hapo. Sipiti njiapanda ile bila kupunguza mwendo.

Na lori la mafuta likipinduka mbele yako, simama mbali, zima injini, wazuie watu wasikaribie na mitungi yao. Sachangwan mwaka 2009 waliungua zaidi ya watu 100.

Ukichoka, lala. Miraa haiondoi usingizi, inauahirisha tu, na utakujia kwenye kona usiyoichagua.

Ukishusha mzigo Kampala, usiwashe gari kabla hati ya kupokelea haijatiwa sahihi na muhuri, na uipige picha hapo hapo. Kisha uliza kontena tupu linatakiwa kurudi tarehe ngapi, kwa maana wenye meli hutoza kwa kila siku ya kuchelewa, na mwajiri atataka kujua siku hizo ulikuwa wapi.