Aende kwa Seremala, Asiende Dukani

Swali la juma hili lilitutaka tutaje kitu kimoja cha kuchezea ambacho mzazi mwenye kipato kidogo ampatie mtoto aliye chini ya miaka mitano. Jibu langu ni vipande vya mbao vya kujengea, na wala havihitaji kununuliwa dukani, kwa kuwa seremala yeyote anaweza kuvikata kutoka katika masalio ya kazi zake.

Sharti la kwanza ni vipimo. Friedrich Fröbel, mwalimu wa Ujerumani aliyefungua shule ya watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, aliwapa watoto mchemraba wa mbao uliogawanywa katika michemraba 8 iliyo sawa, waufumue na kuuunda upya. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, Caroline Pratt wa New York alibuni vipande ambavyo unene, upana na urefu wake vina uwiano wa 1:2:4, uwiano unaotumika hadi leo katika shule nyingi za awali. Mtoto anayejenga ukuta akaishiwa vipande virefu hugundua kwa mikono yake kwamba vifupi viwili vikifuatana huziba pengo lilelile, na hapo amekwisha kuifahamu nusu miaka kadhaa kabla ya kuandikiwa sehemu ubaoni. Vipande vilivyokatwa ovyo havimpi nafasi hiyo. Kwa hiyo seremala aelezwe wazi: unene sentimita 3, upana 6, urefu 12, pamoja na vingine vya urefu wa 6 na wa 24.

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa kawaida hupandanisha vipande vitatu au vinne, na karibu na miaka mitatu wengi huweza kujenga daraja la nguzo mbili na kipande kimoja juu yake. Kabla ya hapo hubeba, hugonganisha na kubomoa, jambo ambalo nawasihi wazazi wasilikataze, maana kwa kubomoa ndipo anapojua kinachoshikilia na kisichoshikilia.

Faida nyingine ni lugha. Mwaka 2007 Dimitri Christakis na wenzake wa Seattle, Marekani, walichapisha utafiti wa watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili na nusu. Waliopewa vipande vya kujengea walipata, baada ya miezi sita, alama za lugha za juu kuliko ambao walikuwa hawajapewa. Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini naona sababu yake bayana: mkubwa akiketi sakafuni na mtoto, hulazimika kusema juu, chini, kando, katikati, huku mtoto akiyaona maneno hayo yakitendeka. Aseme hivyo, ila asimnyang'anye kipande ili amalizie mnara.

Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zisitumike kabisa, kwa sababu mtoto atazitia mdomoni. Kingo zipigwe msasa hadi zilainike, rangi iachwe, na pasiwe na kipande kidogo kinachoweza kumezwa. Vipande 30 hivi vinamtosha mtoto mmoja. Wakiwa wawili viongezwe maradufu, kwani ugomvi wao mwingi hutokana na uchache wa vipande.