Fundi wangu kiziwi ananiandikia kama ananiamrisha

SWALI: Dada, habari za kazi. Nina duka la kushona hapa Morogoro na mmoja wa mafundi wangu ni binti kiziwi. Kwenye cherehani hana mfano. Shida ni meseji. Juzi kaniandikia: "Kitambaa bluu kwisha. Kesho mteja kuja. Wewe pesa leta." Nikimwandikia kwa kirefu anajibu "sawa", halafu anafanya kingine. Wenzake wanasema ana jeuri. Nimwandikieje?

JIBU: Shikamoo mama. Binti huyo hana jeuri hata kidogo, na inaniuma kusikia anasemwa hivyo.

Mimi pia ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilinipata nikiwa darasa la tatu, Kiswahili nimeshakisikia nyumbani. Wenzangu wengi bwenini walizaliwa viziwi, kwenye familia zisizojua alama hata moja. Kiswahili wamekisoma kwa macho tu, na lugha yao hasa ni ya alama.

Wewe ukisema "nitakuletea", umeshataja nani, lini na kwa nani kwa mkupuo mmoja. Sisi tunaanza na muda, kisha mkono unatoka kwangu kuja kwako, yameisha. Swali linakaa kwenye nyusi, ombi linaonekana usoni. Kwenye meseji uso haupo. Hiyo "wewe pesa leta" ni ombi, mama, na ungekuwa mbele yake ungeliona.

Hiyo "sawa" naijua vizuri. Wengi wetu tumekua tukigombezwa kila tukiuliza mara ya pili, kwa hiyo tunaitikia ili yaishe. Usimuulize "umeelewa?" Muulize "utaanza na gauni lipi?" Jibu lake litakuonyesha kama mmeelewana.

Mwandikie jambo moja kwa meseji moja, maneno kamili, muda utangulie: "Kesho saa 4 asubuhi mteja wa gauni jekundu anakuja. Punguza kiuno inchi 2." Uachane na "xaxa" na "cjui". Wewe unavielewa kwa sababu unavisikia kichwani. Yeye "sasa" na "sijui" anazijua kwa sura zake, hana sauti ya kumsaidia kubahatisha. Misemo nayo iache: mteja akiingia mitini, andika tu kwamba haonekani.

Usiidharau meseji ya kawaida. Ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ila kwangu ilianza siku nilipopata kitochi. Kabla ya hapo nilikuwa napanda daladala hadi Mbagala kumtafuta rafiki, nakuta kufuli mlangoni, narudi. Kumpigia ningempigiaje? Leo bando likiwepo tunapigiana video na kuongea kwa mikono, na huko ndiko tunakopiga soga hasa. Likiisha, meseji inafika hata kwenye simu ya vitufe.

Lakini mama, mko duka moja kutwa nzima. Mwombe akufundishe alama za kazi zenu: kata, shona, pima, subiri, pesa. Kwa mafunzo zaidi, ulizia CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania. Na hao wanaosema ana jeuri, waite mjifunze pamoja.