TEHAMA ya serikali ikihamishiwa idara nyingine, uliza kwanza nani anaweza kuzima seva

Huku Marekani majimbo hayachoki kuhamisha TEHAMA yao. Florida waliunda wakala wa teknolojia wa jimbo 2014, 2019 wakaufuta kazi zake zikaenda Department of Management Services, idara ya jimbo inayohudumia ofisi nyingine za serikali, halafu 2020 ikazaliwa Florida Digital Service humohumo ndani. Texas nao 2025 wamepitisha sheria ya kuunda Texas Cyber Command, makao yake San Antonio, ichukue kazi za usalama wa mtandao zilizokuwa chini ya DIR, idara ya TEHAMA ya jimbo.

Mimi nimekaa IT kwenye ofisi ya umma iliyopitia mambo haya, kwa hiyo ukisikia yenu inahamishwa naomba unisikilize. Msibishane sana nani atakuwa bosi wa nani, dai jina la mtu mwenye mamlaka ya kuzima mfumo saa nane usiku. Kwetu kuna seva wadukuzi walianza kuyafunga mafaili yake yasifunguke, jamaa wa usalama anaiona kabisa kwenye skrini yake ila haruhusiwi kuigusa maana yeye sasa ni wa idara nyingine, mwenye ruhusa anamsubiri mkubwa wake, mkubwa anasema fungueni tiketi kwanza, yaani ombi rasmi la kazi kwenye mfumo, na huku mafaili yanaendelea kufungwa folda baada ya folda mpaka wakafika kwenye mishahara. Watu walichelewa kulipwa, watu wenye watoto na kodi za nyumba! Iliniuma sana.

Florida tangu 2022 ofisi ya umma ikifungiwa mafaili na kudaiwa pesa lazima iripoti ndani ya masaa 12, na kuwalipa hao wezi ni marufuku. Sheria nzuri sana, lakini masaa 12 si mengi kama bado mnatafutana nani apige simu.

Halafu makontrakta, hapa ndo wengi wanapasahau. Agosti 2019 serikali za mitaa zaidi ya 20 za Texas zilivamiwa kwa mpigo, na meya wa mji mmojawapo, Keene, alisema wadukuzi walipitia kwa kampuni ya nje iliyokuwa inawahudumia. Kwa hiyo kabla ya tarehe ya kuhama kaeni chini muandike kila akaunti ya mtu wa nje, anaingia mfumo gani, nani alimpa, mkataba unaisha lini, na ile isiyo na mwenyewe ifungwe siku hiyohiyo, akilalamika mtu ndo mtajua ni ya nani.