Barua kwa mwanangu: Tyson na Ali, lakini usiku upi?

Mbeya, Julai

Mwanangu mpendwa,

U mzima, mama? Huku baridi ya Julai imekaza, lakini wote tuko salama. Kwenye simu uliniuliza kama Mike Tyson angemweza Muhammad Ali, ukasema wenzako hapo Iringa wameshakata shauri: bondia aliyeangushwa na Buster Douglas hana la kumfanya Ali. Hoja hiyo ni dhaifu, na ubishi huu unastahili hoja nzuri zaidi.

Kwanza mkubaliane ni usiku gani. Desemba 1981 Trevor Berbick alimshinda Ali kwa pointi. Novemba 1986 Tyson alimmaliza Berbick huyo huyo katika raundi ya 2. Ukiunganisha hayo mawili utadhani umepata jibu, kumbe Ali wa 1981 alikuwa anakaribia miaka 40 na mwili umekwisha. Mimi namchukua Ali wa Novemba 1966, aliyemsimamisha Cleveland Williams mjini Houston kwa raundi 3, na Tyson wa 27 Juni 1988, aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91. Usiyapime mapambano hayo kwa matokeo yake, maana Williams alikuwa amepigwa risasi na polisi mwaka 1964 akapoteza figo, na Spinks alikuwa amepanda kutoka uzito wa chini. Angalia miguu ya Ali, na namna kichwa cha Tyson kinavyocheza kukwepa ngumi, basi.

Vipimo huwapotosha wengi. Ali ana sentimita 191, Tyson 178 hivi. Mikono ya Ali ni 198, ya Tyson 180. Watu wakisikia tofauti ya sentimita 18 hudhani ngumi ya Ali inatangulia kwa zote hizo. Kipimo hicho huchukuliwa mikono ikiwa imetandazwa, kutoka ncha ya vidole vya upande mmoja hadi ncha ya upande wa pili, kifua kikiwemo. Kwa mkono mmoja inabaki kama sentimita 9, yaani karibu viberiti viwili vilivyopangwa kwa urefu. Douglas yeye ana 211, na usiku ule alipomwangusha Tyson kule Tokyo alikuwa na kilo 105. Ali hana mkono ule wala mwili ule. Kule Houston alikuwa na kilo 96, wakati Tyson wa 1988 alikuwa na 99, kwa hiyo mfupi ndiye mzito. Tena Tyson wa Tokyo, Februari 1990, alikuwa ameshaachana na kocha wake Kevin Rooney. Kichwa kilikuwa kimeacha kucheza, anaingia kwa mstari ulionyooka na kurusha ngumi moja moja. Waambie wenzako wamtazame huyo halafu wamtazame wa 1988.

Sasa pambano lenyewe. Raundi nne za mwanzo ndizo za hatari kwa Ali, na sababu iko kwenye mazoea yake. Alishusha mikono hadi kiunoni, na ngumi ikija alirudisha kichwa nyuma badala ya kuinama au kupenya pembeni. Kwa mpinzani anayenyoosha mkono akiwa mbali, hilo linafanya kazi. Kwa mtu anayeruka ndani na ngumi ya kushoto ya kuzunguka, halifanyi kazi, kwa sababu ngumi hiyo inachelewa nusu hatua na kukikuta kichwa pale kiliposimama. Henry Cooper alimwangusha hivyo London, Juni 1963. Joe Frazier alimwangusha hivyo New York, Machi 1971, raundi ya 15. Ya Tyson ilikuwa fupi na ya haraka kuliko za wote wawili, na mara nyingi ilitanguliwa na ngumi ya kulia mbavuni inayoshusha kiwiko cha mpinzani. Ali alizoea kuzunguka kwenda kushoto kwake. Mzunguko huo unamtoa kwenye ngumi hiyo, lakini unamsogeza kwenye mkono wa kulia wa Tyson, kwa hiyo hapo asingekuwa na upande salama kabisa.

Na asithubutu kujilaza kwenye kamba kama alivyofanya Kinshasa 1974. George Foreman alirusha ngumi pana za nje, zikaishia mikononi na mabegani. Za Tyson hupanda kutoka chini, katikati ya viwiko. Raundi mbili za namna ile zingetosha kummaliza.

Lakini Cooper na Frazier walimwangusha Ali, na mara zote mbili alisimama. Frazier, mfupi mwenye mtindo unaokaribiana na wa Tyson, alipigana naye raundi 41 katika mapambano matatu, na Ali akashinda mawili, bila ile miguu ya 1966.

Tyson anaharibikiwa akikumbatiwa. Machi 1987 James Smith alimshikilia raundi zote 12. Tyson alishinda kwa pointi, lakini kila aliposhikwa aliacha kazi na kumsubiri mwamuzi. Ali alikuwa fundi wa hilo: glovu nyuma ya shingo, kichwa cha mpinzani kinasukumwa chini, uzito wote unaegemezwa. Kila kumbatio Ali anapumzika, na shingo na mapaja ya Tyson yanabeba kilo 96 za ziada. Kufika raundi ya 7 kichwa kile hakichezi tena, na ngumi ya kunyoosha ya Ali inaanza kufika kila inaporushwa. Mwamuzi mkali anayekata pointi kwa kushika shingo angebadilisha hesabu hii kuliko kitu kingine chochote.

Mambo ya sheria nayapitia haraka. Enzi za Ali ubingwa ulikuwa raundi 15. Baada ya kifo cha Duk Koo Kim, Novemba 1982, zilianza kupunguzwa kuwa 12. Raundi tatu zilizokatwa ni dakika 9 za ngumi, na ni zile ambazo Tyson hakuwahi kuzipigana. Ulingo wa mita 6.1 ndani ya kamba una karibu mita 7 za mraba zaidi ya ule wa mita 5.5, na miguu ya Ali ingezitumia zote.

Kwa raundi 15 kwenye ulingo mkubwa, katika usiku kumi nampa Ali sita, nyingi kwa kusimamisha baada ya raundi ya 10. Nne ni za Tyson, zote kabla ya raundi ya 5. Kwa raundi 12 kwenye ulingo mdogo, nusu kwa nusu.

Usyk, yule bondia wa Ukraine uliyemtaja mwishoni, ana vipimo vya Ali kabisa, 191 na 198, ila yeye ni bondia wa kushoto, yaani hutanguliza mkono wa kulia. Ali alikutana na bondia wa namna hiyo, Karl Mildenberger, mjini Frankfurt, Septemba 1966, na ilimchukua raundi 12 kummaliza. Tafuta pambano hilo ulitazame, halafu unipigie.

Baba yako