Jibu: Ngazi ya samaki pale Mtera

Mkuu, umeuliza kama kujenga ngazi ya samaki (vidimbwi vya hatua kwa hatua vya kuwavusha samaki ukuta wa bwawa) kwenye bwawa la Mtera kungerudisha samaki mto Ruaha Mkuu. Sidhani. Ngazi zile zilibuniwa kwa samaki kama samoni, wanaoruka maporomoko kupanda mto. Perege na kambale wetu hawana tabia hiyo.

Kinachowaumiza zaidi ni ratiba ya maji. Dume la perege huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufukwe, na vifaranga hukulia hukohuko. Bwawa likishuka haraka kwa sababu maji yamefunguliwa kwenda kwenye mitambo ya umeme ya Kidatu, mazalia yanabaki nchi kavu. Kambale naye husubiri mafuriko aingie kwenye majani yaliyozama kutaga. Ningeanza na kushusha maji polepole msimu wa kuzaliana, na kufunga uvuvi pale mto Kisigo unapoingia bwawani. Makokoro (nyavu za kukokota) nayo, tuseme wazi, yanakomba vifaranga hata bwawa likijaa.

Halafu tusilitupie bwawa lawama zote. Ruaha umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993 huko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, juu ya Mtera, na umwagiliaji wa bonde la Usangu una mkono mkubwa hapo.